Sifa Zilizotoka Kifungoni: Kanisa la Usambara, 1914 hadi 1925

Kila jubilei ya makanisa ya Usambara haikosi msemaji wa kutuambia kwamba Vita Kuu ya Kwanza ililiacha kanisa yatima, nalo likalala mpaka wamisionari waliporudi. Maneno hayo siyakubali, na ninaye shahidi. Mwaka 1921 kilichapishwa London kitabu kidogo cha Kiswahili, Mwaka katika Minyororo. Mwandishi wake ni Samwil Sehoza, kasisi wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya Waingereza.

Mwanzo wa habari unafahamika. Mmisionari Krapf alifika Vuga kwa Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Wasambaa, mwaka 1848. Waanglikana wa UMCA wakajenga Magila, chini ya Usambara Mashariki. Johanssen na Wohlrab wa misheni ya Kijerumani ya Bethel wakafungua kituo Mlalo mwaka 1891, na kabla ya karne kwisha Mtae, Vuga na Bumbuli navyo vilikuwa vimepata vituo.

Vita ilipoanza Agosti 1914, Mkristo wa Bonde, nchi ya Magila, alijikuta pabaya. Serikali iliyomtawala ilikuwa ya Wajerumani, padri wake alikuwa Mwingereza. Walimu na makasisi Waafrika wa UMCA walishukiwa kuwasaidia adui, wakakamatwa na kufungwa minyororo, wakapelekwa bara. Wengine walichukuliwa upagazi. Waliofikishwa Tabora walikaa huko mpaka majeshi ya Wabelgiji yalipouteka mji Septemba 1916.

Wazungu waliofungwa nao walipata msimuliaji mapema. Spanton, mkuu wa chuo cha UMCA cha Kiungani, Zanzibar, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1917, na waandishi wa historia wamezitumia sana. Sehoza, aliyewaandikia wasomaji wa lugha yake mwenyewe, hutajwa katika tanbihi, kisha basi. Hilo linaniuma. Ukitaka kujua imani ilivyoishi ndani ya mnyororo, umuulize aliyeuvaa.

Na watu hawa hawakuhitaji padri Mzungu ili wasali. Tangu enzi za Askofu Steere wa UMCA, Zaburi na sala za asubuhi na jioni zilikuwepo kwa Kiswahili, na mwalimu wa Magila alizisoma siku hata siku mpaka zikamkaa moyoni. Hizo hakuna askari wa kumnyang'anya. Habari ya Paulo na Sila, walioimba usiku wa manane gerezani Filipi, walikuwa wameifundisha darasani kabla ya kuwapata wenyewe.

Juu milimani mambo yaligeuka. Juni 1916 Waingereza waliingia Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, na sasa wamisionari Wajerumani ndio wakawa watu wa kushukiwa. Kufikia mwaka 1920 walikuwa wamefukuzwa, na fedha za Ujerumani zikakatika. Kuanzia hapo mpaka waliporuhusiwa kurudi, katikati ya miaka ya 1920, ibada, mafundisho ya ubatizo na mazishi viliwaangukia walimu na wazee Wasambaa. Ndiyo miaka inayoitwa ya usingizi!

Wako wanaosema Ukristo wa wakati ule ulikuwa kimbilio tu: njaa, kodi na kazi za shuruti ziliwasukuma watu kwenye misheni kutafuta hifadhi na shule. Hoja hii naiheshimu, na kwa ukame na njaa ya miaka ya mwisho ya karne ya 19 ina ukweli mwingi. Lakini haitoshi kueleza mwaka 1921. Misheni ya Mlalo haikuwa na fedha, wala Mzungu wa kumtetea mtu bomani. Aliyekwenda kanisani Jumapili asubuhi alikwenda kwa hiari yake, kumshukuru Mungu katika nchi iliyotoka vitani ikiwa hoi. Hakuna aliyemlipa, na asingekwenda hakuna ambaye angemwadhibu.

Kufikia mwaka 1940, katika Vita Kuu ya Pili, Wajerumani walikuwa wameondolewa tena, na safari hii mshtuko ulikuwa mdogo. Mwaka 1947 wachungaji walianza kusomeshwa Lwandai, Mlalo, kabla ya chuo kuhamia Makumira mwaka 1954. Mwaka 1963 likazaliwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri (KKKT). Maandishi juu ya miaka hiyo ni tele.

Kitabu cha Sehoza ndicho kilichosahauliwa. Dayosisi ya Kianglikana ya Tanga na ndugu zao Walutheri wa Lushoto wangeweza kukichapisha upya kwa pamoja, kwa Kiswahili kilekile cha mwandishi, na kuwapa wanakwaya na wanafunzi wa kipaimara wakisome.