Meli "isiyo na watu"
Magazeti yameizoea "meli isiyo na watu", lakini jina hilo linawapotosha hata wanaounda modeli za kompyuta za makundi yanayochanganya manowari zenye mabaharia na vyombo vinavyojiendesha. Mwaka 2021 Nomad, chombo cha majaribio cha Marekani, ilisafiri maili za baharini 4,421 kutoka Ghuba ya Mexico hadi California, asilimia 98 ikijiendesha. Katika Mfereji wa Panama ilivushwa na binadamu. Wapo watakaosema asilimia 2 iliyobaki ni kidogo. Kwa umbali, sawa. Ila hapo ndipo penye njia nyembamba na msongamano wa meli. Modeli inayoandika mabaharia sifuri humfuta pia fundi na msimamizi aliye nchi kavu. "Inayojiendesha" hutaja kazi, haimfuti mtu.