Debe la Maji Umakondeni

Nanganga ni njia panda. Barabara kuu itokayo Lindi inapita hapo kuelekea Ndanda na Masasi, na nyingine inachepuka kulia kwenda Ruangwa hadi Nachingwea. Upande wa kusini umesimama uwanda wa Makonde, na huko juu ndiko ziliko Newala na Tandahimba. Msafiri anayeshuka Nanganga yuko kati ya habari mbili za zamani. Moja ni ya karanga, nyingine ni ya maji, na zote mbili zinahusu watu waliopangiwa mambo bila kuulizwa.

Ya karanga inajulikana zaidi. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa John Wakefield kuitazama Tanganyika kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa kutoka kwenye ndege. Mwaka uliofuata ukaanza mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki, na reli na bandari ya Mtwara vikajengwa. Januari 1951 mpango ukafutwa, na hasara yake ilikuwa pauni milioni 36. Mkulima wa Nachingwea alijua ardhi yake inashika maji wapi, inakauka lini, na mbegu gani inavumilia. Ujuzi huo ulikuwapo mlangoni, bila gharama, na haukutafutwa.

Baadaye wasomi wa Marekani walianza kuandika kuhusu njia nyingine ya kufanya kazi. Herbert Simon, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alieleza usanifu kuwa ni kazi ya yeyote anayepanga namna ya kuigeuza hali iliyopo kuwa hali anayoitaka. Kwa maana hiyo daktari na mpanga bajeti nao ni wasanifu, kama alivyo mchora majengo. David Kelley aliipeleka fikra hiyo kwenye kampuni ya usanifu ya IDEO, na mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Stanford kikawa na shule yake ya usanifu. Wanachofundisha hakina fumbo. Kwanza kaa na mtu mwenye shida, umwangalie anavyofanya kazi na umsikilize. Kisha itaje shida kama anavyoiona yeye. Buni njia nyingi, tengeneza mfano wa bei nafuu, mpe autumie, tazama unavyomshinda, urekebishe. Hatua hizo hazifuatani kwa mstari, na mara nyingi mtu hulazimika kurudi mwanzo.

Uwanda wa Makonde ni mahali pazuri pa kuipima njia hiyo, kwa sababu shida ya hapo imekaa wazi kwa zaidi ya karne. Mvua si haba, lakini udongo ni wa kichanga. Maji yanazama, yanapita chini kwa chini, na kutokea kwenye chemchemi za miteremkoni na bondeni. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyekaa Masasi na Newala mwaka 1906, alishangaa kuona watu wengi namna ile wanaishi juu, mbali na maji. Kitabu chake pia kina simulizi ya Wamakonde kuhusu asili yao. Mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, ikageuka mwanamke. Watoto waliozaliwa karibu na mto walikufa, na aliyezaliwa juu ya uwanda ndiye aliyeishi. Kwa hiyo mtu huyo aliwausia wanawe wakae juu.

Ndani ya simulizi hiyo mna hesabu ya kweli kabisa. Bondeni kulikuwa na mbu na ndorobo. Karne ya kumi na tisa ilileta misafara ya watumwa, kisha mashambulizi ya Wangoni, ambayo mwaka 1882 yaliikumba hata misheni ya Masasi. Vichaka vizito vya uwandani vilikuwa boma lisilohitaji walinzi. Waliopanda juu walinunua usalama kwa bei ya maji, wakijua wanachofanya.

Bei hiyo ililipwa na wanawake. Anayesimama Shimo la Mungu, pale Newala uwanda unapokatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma, anaielewa kazi hiyo bila maelezo. Kushuka ni kwepesi kwa kuwa mtungi ni mtupu. Mzigo unakuja wakati wa kupanda, na pale ndipo njia inapotaka magoti na kifua. Debe moja, lita 18 hivi, lilipaswa kutosha kupika, kunywa na kunawa, na yeyote aliyelimwaga alikuwa amemwaga asubuhi nzima ya mtu mwingine.

Watu hawakukaa wakingoja. Walikinga mvua kwenye vyungu na mashimo. Bati lilipofika, kaya zilianza kuchimba visima vya saruji kando ya nyumba na kuelekeza humo maji ya paa. Korosho ilisaidia, maana huvunwa kuanzia Oktoba na fedha yake huingia mkononi mvua zikikaribia. Mwenye mavuno mazuri alinunua bati na saruji kwa wakati. Hapa hakuna mhandisi aliyetumwa, na bado hatua zote zimo: shida imetazamwa kwa karibu, fundi wa kijiji amejaribu, jirani ameona na kuboresha.

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilijenga mradi mkubwa wa maji wa Makonde, wa kuvuta maji bondeni na kuyasukuma juu hadi vijijini. Ulikuwa msaada halisi, na haifai kuudharau. Maelfu ya wanawake waliacha kushuka mteremko. Lakini mradi kama huo unakula fedha kila siku, kwa sababu kupandisha maji mamia ya mita kunataka nguvu ya mashine, na mashine inataka mafuta au umeme, vipuri na fundi. Kaya nayo ina hesabu yake. Mwenye kisima kilichojaa mwezi Machi hanunui maji mwezi Machi. Akija bombani Septemba pamoja na kijiji kizima, mabomba hayamudu.

Baada ya uhuru mpango wa mwaka 1971 uliahidi kila mwanakijiji maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991, na maji ya vijijini yakawa ya bure. Kwa Mtwara na Lindi mfadhili alikuwa Finland. Mpango kabambe wa maji uliandaliwa kuanzia mwaka 1973, na ujenzi ukaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1988 mtafiti Ole Therkildsen alichapisha kitabu kuhusu miradi ya namna hiyo Tanzania. Alionyesha kwamba mipango ilitungwa juu, kwa takwimu na ramani, na watumiaji wakaletwa mwishoni. Vijiji vilikabidhiwa vitu ambavyo havikuvichagua na havikuweza kuvitunza.

Ila kuna kifaa kimoja cha enzi hizo kinachostahili kutazamwa kwa karibu: pampu ya mkono ya Nira AF-85. Pampu nyingi za awali zilikuwa na mkono mrefu wa chuma na mabomba mazito. Zikiharibika, zilingoja gari la idara na winchi. Hii haina mkono wa kupiga. Mtu anashika mpini wenye umbo la T na kuupandisha na kuushusha moja kwa moja, na bomba lake ni la plastiki nyepesi. Wanakijiji wanaweza kulivuta lote nje kwa mikono, wakabadilisha mpira uliochakaa na kulirudisha. Waliotengeneza pampu za aina hii walikuwa wameanza na swali la nani atakayezitunza, ndipo wakachagua chuma au plastiki.

Pwani ya Kenya swali hilo lilifikishwa mbali zaidi. Kuanzia mwaka 1983, Kwale ilikuwa mahali pa kujaribia pampu ambayo baadaye ilijulikana kama Afridev, inayofunguliwa kwa spana moja. Shirika la KWAHO likakaa na wanawake wa vijijini, likawafundisha ufundi na kuwaachia kamati na mfuko wa fedha. Walichokuwa wakilalamikia watumiaji kilirudi kwa wasanifu na kubadilisha pampu yenyewe. Kwale inafaa kufundishwa katika kila darasa la ubunifu Afrika Mashariki kabla ya mfano wowote wa Stanford.

Pampu hizo zina mpaka. Ile ya mpini wa T inafaa pale maji yaliko karibu, kama mita 15 chini, yaani mabondeni. Juu Newala haina kazi, kwa hiyo uwanda umebaki kutegemea mashine kubwa na mabati ya nyumba. Chanzo cha Mitema, Kitangari, ndicho kinacholisha mradi wa Makonde leo, na mradi huo umo katika mpango wa maji wa miji 28 unaojengwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India. Masasi na Nachingwea zinapata maji ya chemchemi ya Mbwinji.

Fedha hizo zinahitajika sana. Linalobaki kutazamwa ni visima vya saruji vilivyo kando ya nyumba za Newala na Tandahimba. Vimejengwa kwa fedha za korosho, vinajaa kila masika, na ndivyo vinavyoamua familia itafungua bomba mwezi gani. Mhandisi anayepanga ukubwa wa matangi na bei ya uniti angepaswa kuanza kwa kuvihesabu nyumba kwa nyumba, akiwa na mama mwenye nyumba, wakati wa kiangazi na tena wakati wa mvua. Hesabu hiyo ingemwonyesha mahali pa kujenga tangi la akiba kwa ajili ya Septemba, na kaya zipi zinafaidika zaidi na bati na saruji kuliko bomba jipya.