Jina Lisilopatikana: Kuwatafuta Wahenga wa Mara Mtandaoni

Vijana wa ukoo wetu, waliotawanyika kati ya Musoma, Bunda na Butiama, siku hizi huwatafuta wahenga wao katika kumbukumbu zilizowekwa mtandaoni. Mmoja wao ameniletea hukumu: babu yangu mzaa baba, ambaye wazee walisema alichukuliwa upagazi katika Vita Kuu ya Kwanza asirudi, hayumo katika orodha yoyote, basi huenda ni hadithi tu. Makala haya ni jibu kwa mjukuu huyo, na kwa kila atafutaye kama yeye.

Tuanze na jina lenyewe. Hazina nyingi za mtandaoni zimejengwa juu ya desturi ya Ulaya, ambako jina la ukoo hurithiwa vizazi na vizazi. Kwetu mtoto hufuatisha jina la baba yake, na la babu likatoweka katika karatasi. Tena jina huwa ni tarehe: Wambura ni mtoto wa mvua, Magesa ni wa mavuno. Chifu wa Wazanaki, Burito, alipata jina la Nyerere kwa sababu alizaliwa wakati viwavi vilipoivamia nchi. Mwanawe, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliitwa kwanza Mugendi, kisha Kambarage, jina la mzimu wa mvua; mwaka 1943 akabatizwa Julius huko Nyegina. Mtu ni mmoja, lakini mashine itahesabu watatu.

Jambo la pili ni tahajia. Mjerumani aliandika kwa sikio la kwao: Mwanza ikawa Muansa, Shirati ikawa Schirati, Ushashi ikawa Uschaschi. Kwa kanuni hiyo, Chacha huweza kujificha ndani ya Tschatscha. Boke na Bhoke ni jina moja, na r na l hubadilishana kutoka lugha hadi lugha. Kwa hiyo mtafutaji alitamke jina kwa sauti, kisha ajiulize mgeni angeliandikaje. Mipaka nayo imehama. Butiama imekuwa wilaya mwaka 2012. Kabla ya hapo ilihesabiwa Musoma, na enzi za Waingereza Musoma ilikuwa katika Jimbo la Ziwa. Anayetafuta “Butiama” peke yake ataambulia machache.

Sasa nirudi kwa mpagazi wetu. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha mtandaoni ambayo yeyote aweza kuifungua bila malipo. Askari wengi wa KAR waliofia Burma katika vita vya pili wamo humo kwa majina. Wapagazi wa vita vya kwanza ni habari nyingine. Mwaka 2021 ripoti iliyotolewa na tume hiyo ilikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 haina hata jina moja la mpagazi. Kikosi chao kimebaki katika neno: Kariakoo, yaani Carrier Corps iliyopita katika vinywa vya Waswahili.

Kutokuwamo kwa babu, basi, si ushahidi kwamba hakuwapo. Ni ushahidi wa nani aliyeshika kalamu, na nani aliyeonekana anastahili wino.

Ndiyo maana nawasihi vijana waanze na wazee, kisha waende mtandaoni. Andika jina, maana yake, nani alilitoa, na tukio la mwaka ule: njaa, nzige, mafuriko au vita. Ukishajua tukio, kumbukumbu za serikali na za misheni zitakusaidia kukadiria mwaka. Wazee wa Mara ya kusini waliwahi kujiandikia historia zao, na mwaka 2003 Jan Bender Shetler akazichapisha katika kitabu. Kazi hiyo yaonyesha kuwa kalamu inaweza kushikwa na wenyewe.

Baba yangu aliachwa akinyonya. Kaburi la baba yake hakuliona, wala matanga hayakuwa na mwili. Alichofanya ni kumpa kifungua mimba wake jina la marehemu, na kaka yangu naye akampa mjukuu wake. Jina hilo limeitwa kila asubuhi nyumbani kwetu kwa miongo mingi. Mjukuu, liandike.