Jirani Anapohama kwa Woga

Leo tunasema juu ya kuhama nyumba mjini.

Tuangalie Lubumbashi, mji ulioanzishwa mwaka 1910. Wabelgiji walitenga makao ya Wazungu na ya Waafrika. Kamalondo ilitangulia, kisha komini za Kenya, Katuba na Ruashi. Mfanyakazi wa Union Minière alikaa kambini. Kazi ikiisha, nyumba pia imekwisha, akahamia komini. Wengine walihama kwa ajili ya kodi, ndoa au wingi wa watoto. Makabila yakachanganyika.

Lakini mwaka 1961, wakati Katanga ilipojitenga, maelfu ya Wabaluba waliacha nyumba zao, wakakimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, mjini humohumo. Mwaka 1962 wengi wao walisafirishwa mbali. Miaka ya 1992 na 1993 machungu hayo yalirudi Likasi na Kolwezi: watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa.

Basi, ndugu, jirani akifunga mizigo, muulize: ni kodi ao ni woga? Kama ni kodi, msaidie kubeba. Kama ni woga, waite wazee, mketi naye. Na nyumba iliyoachwa kwa woga, usiifanye yako.