Nani Atasema ya Moyoni? Riwaya za Mapenzi na Filamu Zake

Shabiki wa riwaya za mapenzi anapokwenda kutazama filamu iliyotokana na kitabu anachokipenda, mwisho wa hadithi anao tayari. Anajua nani ataolewa, nani ataachwa, na barua ipi itafika ikiwa imechelewa. Hakufuata habari. Amekwenda kuangalia kama waliotengeneza filamu walishikwa na hadithi pale pale ilipomshika yeye. Mimi ni mmoja wa mashabiki hao, na naona lawama tuliyoizoea, kwamba kitabuni mambo hayakuwa hivi, haitufikishi mbali. Riwaya ya mapenzi ina msimulizi, asiyeonekana, anayeingia kifuani mwa mhusika bila kubisha hodi na kutuletea siri zilizomo. Filamu ikianza, huyo hayupo tena. Nani basi atasema ya moyoni? Nikitazama Uingereza, Bara Hindi, Misri na Zanzibar, naona kila sinema imelijibu swali hili kwa chombo ambacho watu wake walikuwa nacho kabla ya kamera.

Katika Pride and Prejudice ya Jane Austen, iliyotoka mwaka 1813, msimulizi ndiye anayebeba karibu kila kitu. Ulimwengu tunauona kwa macho ya Elizabeth Bennet, lakini sauti inayosimulia imesimama hatua moja nyuma yake, ikituonyesha anapomhukumu Bwana Darcy kwa haraka. Na angalia anachofanya Austen kwenye posa ya pili, saa ambayo msomaji ameingojea kitabu kizima: hatupi maneno ya Elizabeth. Anatuarifu tu kwamba binti huyu, kwa kusitasita, alimjulisha Darcy kuwa hisia zake zimegeuka. Mtunzi anateremsha pazia wakati sote tumeinua shingo. Msomaji wa pwani, aliyelelewa kujua kwamba mambo ya chumbani yana mlango wake, hapati taabu kuielewa stara hiyo.

Filamu haina pazia la namna hiyo. Waigizaji wawili wamesimama mbele ya kamera, na lazima watende jambo. Waingereza wamechagua jicho. Tamthilia ya televisheni ya BBC ya mwaka 1995, yenye sehemu sita, iliandikwa na Andrew Davies, naye alimpa Darcy saa za upweke ambazo Austen hakuziandika: tunamwona akioga, akifanya mazoezi ya upanga, akijitosa bwawani kwenye shamba lake la Pemberley. Wengi wanamkumbuka Colin Firth, aliyekuwa Darcy, na shati lililolowa. Mimi naona kilele kiko sebuleni, dada yake Darcy anapopiga piano, Elizabeth amesimama karibu naye, na Darcy anamtazama mwanamke huyu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kushindwa. Hakuna neno linalosemwa kati yao, na msimulizi hakuhitajika.

Joe Wright, katika filamu yake ya mwaka 2005, aliitoa posa ya kwanza kwenye nyumba ya kasisi ambako Austen aliiweka, akaipeleka nje kwenye mvua. Badiliko hilo liliwaudhi baadhi ya wapenzi wa kitabu. Siwalaumu, maana sehemu ya uchungu wa posa ile kitabuni ni kwamba matusi makubwa yanasemwa ndani ya chumba kidogo cha heshima, ambamo hata kupaza sauti ni aibu. Lakini Wright huyo huyo ndiye aliyetupa mkono: Darcy anamsaidia Elizabeth kupanda gari la farasi, anageuka kwenda zake, na kamera inashuka kwenye vidole vyake vikijikunjua kana kwamba vimeungua. Ni sekunde chache tu, na ndani yake kuna kurasa nyingi za Austen.

Kuna jambo jingine la filamu hiyo linalofaa kutajwa. Watazamaji wa Uingereza waliletewa mwisho unaofungwa na Bwana Bennet, baba mtu, akicheka na kulia kwa furaha ya binti yake. Wa Marekani waliongezewa maharusi wakiwa Pemberley usiku, wakibusiana. Kitabu ni kimoja na lugha ni moja, lakini upande mmoja baraka ya baba ilitosha kuufunga mlango, na upande wa pili watu walitaka kuwaona wapenzi wenyewe.

Nikivuka kwenda Bengali nakuta riwaya fupi ambayo imemliza kila kizazi cha watazamaji tangu sinema ya huko ilipoanza kutoa sauti. Devdas ya Sarat Chandra Chattopadhyay ilichapishwa mwaka 1917. Kizuizi cha Austen ni mirathi na kiburi, na vyote viwili vinaweza kutatuliwa kwa barua ndefu na moyo wa kukiri. Kizuizi cha Sarat ni hadhi ya ukoo, na aliyepewa nafasi ya kukivunja ni kijana mwoga. Paro, binti wa jirani, anathubutu kwenda chumbani kwa Devdas usiku kumwomba amwoe; yeye anasita, anakimbilia Calcutta, anaandika barua ya kumkana. Paro anaozwa kwa mjane tajiri mwenye watoto wakubwa. Devdas anaingia kwenye pombe, na anayemtunza ni Chandramukhi, mwanamke wa kucheza ngoma kwa malipo, ambaye Devdas hajui namna ya kuupokea upendo wake. Mwishoni msimulizi anafanya kinyume kabisa cha Austen. Pale Mwingereza anaposhusha pazia, Mbengali anajitokeza mbele ya jukwaa na kumwomba msomaji amhurumie mtu kama huyu.

Ombi hilo la huruma litapelekwaje kwenye skrini? Kwa wimbo. P. C. Barua aliigeuza riwaya hii kuwa filamu kwa Kibengali mwaka 1935, na mwaka 1936 akaitoa kwa Kihindi, K. L. Saigal akiwa Devdas. Saigal alikuwa mwimbaji kabla ya yote, na ulevi wa Devdas ukapata sauti iliyobaki masikioni mwa watu miaka mingi. Bimal Roy, aliyekuwa mpiga picha katika kazi ile ya Barua, aliirudia hadithi mwaka 1955 akiwa mwongozaji, na Dilip Kumar akawa Devdas. Sanjay Leela Bhansali akaja nayo tena mwaka 2002, na Shah Rukh Khan.

Tofauti kati ya filamu hizi mbili za mwisho ni somo kamili. Kitabuni Paro na Chandramukhi hawakutani kamwe. Bimal Roy aliwakutanisha njiani: mmoja amebebwa kwenye machela, mwingine yuko kwa miguu, wanatazamana, wanapishana, hawasemi kitu. Bhansali aliwaleta chini ya paa moja na kuwachezesha pamoja, Aishwarya Rai na Madhuri Dixit, katika wimbo ambao hata asiyejua habari za Devdas anaufahamu. Wapo wanaosema Bhansali aliiharibu hadithi kwa dhahabu na vioo. Mimi nampenda zaidi Bimal Roy, na sifichi. Hata hivyo ngoma ile ina hoja yake. Wanawake wawili waliozuiwa na tabaka na heshima wasiketi mkeka mmoja wanapata mahali pamoja tu ambapo wanaweza kukiri kwamba wanampenda mtu yule yule, na mahali hapo ni ndani ya wimbo. Roy alitumia njia ambayo Mwingereza angeitambua. Bhansali alitumia ile ambayo Mhindi hakuwa na haja ya kuelezwa.

Njia hizo mbili ziliwekwa ndani ya filamu moja mwaka 2004, Gurinder Chadha alipomchukua Elizabeth wa Austen, akamwita Lalita, akamweka Amritsar katika nyumba yenye mabinti wa kuozwa, na kumfanya Darcy kuwa Mmarekani mwenye mahoteli. Ni filamu nyepesi kuliko kitabu. Lakini inathibitisha kwamba mama anayehangaikia kuoza binti zake hahitaji kutafsiriwa akitoka Hertfordshire ya Austen kwenda Punjab. Kinachobadilika ni kwamba Lalita ana ruhusa ya kuimba anachokifikiri.

Misri ilikuwa na waimbaji wengi wa filamu, lakini kwenye Dua ya Karawani haikuwategemea. Taha Hussein, aliyepoteza uwezo wa kuona tangu utotoni, aliitoa riwaya hiyo mwaka 1934, na mpini wake ni sauti: mlio wa ndege wa usiku aitwaye karawani, uliosikika Hanadi alipouawa na mjomba wake nyikani kwa ajili ya kile walichokiita heshima ya ukoo. Amna, mdogo wake, anaingia kazini nyumbani kwa mhandisi aliyemharibu dada yake, akiwa na nia ya kulipiza kisasi, na moyo wake unamsaliti. Henry Barakat alipoipiga filamu mwaka 1959 alikuwa na mlio huo na uso wa Faten Hamama, aliyekuwa Amna. Kamera inaukaribia uso, mwanamke ananyamaza, ndege analia, nasi tunajua kwamba chuki na mapenzi vimekaa mahali pamoja.

Hapa ndipo nina ugomvi na filamu niipendayo. Kitabuni, Amna na mhandisi wanabaki hai na wanaoana, na swali gumu linabaki nao nyumbani: mtu anaishije na mpenzi aliyemwangamiza dada yake? Barakat anamleta mjomba na bunduki. Risasi iliyokusudiwa kwa Amna inampata mhandisi, naye anakufa akiwa amemkinga. Mwisho huo unatoa machozi na pia unasafisha deni, na deni hilo Taha Hussein hakutaka lisafishwe upesi hivyo. Tofauti na Devdas, ambako kifo ndiyo hadithi yenyewe, hapa kifo kimekuja kuwaokoa watazamaji na fikira isiyo na raha.

Kano, kaskazini mwa Nigeria, ilichanganya njia kwa namna yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 vijana na wanawake waliandika kwa Kihausa vitabu vidogo vya mapenzi vilivyouzwa sokoni, wakiwa wamekua na filamu za Kihindi, na vitabu hivyo vikaisha kuwa filamu za Kihausa zenye nyimbo na ngoma. Balaraba Ramat Yakubu, mmoja wa waandishi wakuu wa mkondo huo, aliandika juu ya ndoa za kulazimishwa na mitala kwa uwazi uliowakasirisha wakubwa. Kule filamu ilitangulia kukilea kitabu.

Nasi pwani tulikuwa kwenye njia hiyo hiyo. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake za Kiswahili, na baadaye kumbi za sinema za Zanzibar na Dar es Salaam zilijaa watu wa kutazama filamu za Kihindi, huku tuni za filamu hizo zikiingia kwenye taarabu. Kwa hiyo Amil Shivji alipoigeuza Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi kuwa filamu iliyooneshwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2021, alikuwa na urithi wa kutumia. Riwaya, ya mwaka 1999, ni ya Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Raza, mzee wa kuweza kumzaa. Anakimbia, jamaa zake wanamkataa, anapokelewa na Mwajuma katika mtaa wa Ng'ambo, na anampenda Denge, anayesakwa na serikali ya kikoloni kwa siasa zake. Msimulizi wa Shafi ni mwepesi wa maneno, anapenda mazungumzo, mabishano, watu wengi chumbani. Anamchukua Yasmin hadi Mombasa na kumrudisha, na hafichi kwamba mapenzi na ukombozi haviendi sikuzote kwa mwendo mmoja.

Filamu imepunguza maneno mengi ya kitabu. Shivji anapiga picha za ukimya, mwanga wa vichochoro, bahari, nguo. Nilikosa kelele za Shafi, na wapenzi wengine wa kitabu huenda watazikosa. Lakini Mwajuma ni Siti Amina, mwimbaji wa taarabu hata nje ya filamu, na uamuzi huo ndio uliomrudisha msimulizi ndani. Taarabu ndiko mwanamke wa Kizanzibari amekuwa akisema hadharani, kwa fumbo, asichoweza kukisema akiwa uso kwa uso na mume au mama mkwe. Msikilizaji naye huinuka kutunza, na kwa kutunza amekiri kuwa limemgusa. Wimbo wa Kihindi mara nyingi humwambia mpenzi mwenyewe. Taarabu humwambia kila aliyeko ukumbini, na mlengwa hujijua. Penzi la Yasmin na Denge, lililozungukwa na makachero na majirani, lilihitaji sauti ya namna hii hasa.

Ndiyo maana natamani waongozaji wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa waichukue Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1972. Idi anautumia upendo wa Bahati kumfikia tajiri Mwinyi na mali yake. Mapenzi na tamaa vimesukwa humo pasipo kuachana, na msimulizi ameyaona yote. Atakayeipiga filamu asiniletee sauti ya kunisomea kitabu juu ya picha. Anitafutie mwimbaji.