Kazi ya likizo iliyomfaa Wangari Maathai

Kila Mei ikifika, utaona makomredi wakizunguka tauni na bahasha za kaki mkononi. Wanatafuta atachimenti ya Mei hadi Agosti, hata kama ni ya bure. Kabla niache chuo, mimi pia nilizunguka hivyo. Nikapata ofisi moja, jina nitaliacha. Kazi ilikuwa kupiga fotokopi na kutumwa chai. Sikulipwa hata nauli. Mathee ndiye alikuwa ananipa mia mbili kila asubuhi ndio nifike. Yaani mzazi anatoa pesa ndio mtoto wake amfanyie mtu mwingine kazi.

Halafu wazee wanatuambia, "Vijana wa siku hizi mnachagua kazi. Sisi tulianza chini." Sawa. Basi leo tuangalie vile walianza huko chini.

Turudi 1959. Kenya bado iko chini ya Mwingereza. Ukitaka digrii hapa Afrika Mashariki, mlango mkubwa ni Makerere, Uganda, na nafasi ni za kuhesabu. Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi ambaye hata hajafika miaka 30, anazunguka Marekani akiomba vyuo vichukue vijana wetu. Na huyu Mboya mwenyewe aliacha shule pale Mang'u kwa kukosa karo. Alikaa Ruskin College, Oxford, mwaka mmoja hivi, lakini digrii ya kusomea hakuwahi kupata. Nikisoma hiyo mimi hutabasamu kidogo.

Watu maarufu wa huko kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walimsaidia kuchangisha pesa, na Septemba 1959 ndege ya kwanza ikatua New York na wanafunzi 81. Watu wengi husema ni Kennedy aliwalipia. Hapana. Pesa za familia ya Kennedy, dola 100,000, zilikuja 1960, kwa kundi lililofuata. Kufikia 1963, karibu vijana 800 walikuwa wameenda, wengi wao Wakenya.

Sasa hapa ndipo watu husahau kitu. Ufadhili wa chuo haukulipia kila kitu. Huko majuu chuo hufungwa karibu Juni na kufunguliwa Septemba, ile miezi ya joto wanaita summer. Mtoto wa Kisumu au Nyeri angeenda wapi? Nauli ya kurudi nyumbani haikuwepo. Ilibidi atafute kazi ya likizo ndio ale, alale mahali, na akifungua shule awe na kitu mfukoni.

Mmoja wao alikuwa msichana wa Nyeri, miaka 20, aliyeenda 1960. Leo tunamjua kama Wangari Maathai. Wakiwa kwenye basi kuelekea Kansas, walifika mgahawa mmoja wakakatazwa kuketi ndani kwa sababu ya rangi yao. Kwa hivyo sisemi Marekani ya wakati huo ilikuwa mbinguni. Lakini akiwa huko kusomea biolojia, likizo moja alipata kazi kwenye maabara ya hospitali mjini Kansas City. Akafundishwa kutayarisha tishu za mwili ndio ziangaliwe kwa hadubini. Ni kazi ndogo tu ya msaidizi, lakini ilikuwa kazi kamili.

Ruka hadi Januari 1966. Wangari ana miaka 25 na shahada ya pili kutoka Pittsburgh. Anarudi nyumbani na barua ya kazi mkononi, msaidizi wa utafiti wa zuolojia pale University College Nairobi. Anafika kuripoti, anaambiwa kazi imepewa mtu mwingine. Barua anayo na bado kazi hana! Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliona ni kwa sababu ni mwanamke, na kwa sababu ya kabila lake. Kwa hivyo wakikuambia kazi kwa kujuana ni ugonjwa wa kizazi chetu, waambie ulikuwepo hata kabla uhuru ufikishe miaka mitatu.

Akaanza kutafuta upya, kama mimi na wewe. Aliyempa nafasi ni Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo hapo hapo chuoni, na alihitaji mtu wa kazi za hadubini. Wangari alikuwa ameanza kuijua kazi ya tishu kwenye likizo ile ya Kansas City, na akaendelea nayo Pittsburgh. Akaingia. Mwaka 1971 akapata udaktari wa falsafa, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Nobeli ya Amani ya 2004 unaijua.

Sisemi hospitali ya Kansas City ndiyo iliyompa Nobeli. Bidii na akili zilikuwa zake, na bila Mboya huenda asingeifika Kansas kabisa. Ninachosema ni kwamba wakati mlango ulifungwa usoni pake, alikuwa na kitu mikononi ambacho hakuna bosi angempokonya. Kitu hicho alikipata kwa sababu mtu fulani alimwamini mwanafunzi asiye na uzoefu, akampa kazi halisi na kumwonyesha inavyofanywa.

Hapo ndipo mimi na wazee tunatofautiana. Ndiyo, walianza chini, lakini hiyo "chini" yao ilikuwa na kitu. Ya kwetu unabeba chai miezi mitatu, unatoka na barua yenye muhuri, halafu tangazo la kazi linadai uzoefu wa miaka miwili. Huo uzoefu ungeupata wapi? Kwa sufuria ya chai?

Kwa hivyo ombi langu si kubwa. Kama uko na ofisi, kinyozi, gereji au hata saiba ya kuprinti, na Mei hii umechukua kijana, mlipe angalau nauli na chakula cha mchana. Halafu umfundishe kitu kimoja ambacho akitoka hapo anaweza kukifanya bila wewe.

Na wewe komredi uliye na bahasha ya kaki, ukifika huko na wakutume chai, peleka. Lakini ukirudi, uliza fundi wa hapo anafanya nini, na usimame karibu naye uangalie. Mimi sikuuliza, na mpaka leo ninachokumbuka kutoka miezi ile mitatu ni idadi ya vijiko vya sukari ya bosi.