Nani Mwenyeji wa Udongo Huu?

Nyantakara ni kata ya Wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera. Katika ukanda huu unaopakana na Ngara utawakuta Wasubi, Wahangaza, Washubi, Waha, Wasukuma waliofuata malisho, na wengine ambao wazee wao walivuka mpaka kutoka Burundi au Rwanda. Jembe ni moja, lakini historia juu ya udongo si moja. Wapo ambao makaburi ya mababu zao yamo shambani. Wapo pia ambao kizazi hiki ndicho cha kwanza kuzika hapo.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa Kagera. Tangu enzi za Abakama, wafalme wa jadi, hadi sheria za leo, kila mzozo wa ardhi umebeba swali lilelile: nani anahesabiwa kuwa mwenyeji?

Jibu la zamani zaidi liko kibanjani. Huko Buhaya, nchi ya Wahaya kaskazini mwa Biharamulo, kibanja ni shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na udongo wake umetengenezwa na watu. Vizazi kwa vizazi, samadi ya ng'ombe, majivu na maganda ya ndizi vimemwagwa kwenye mashina ya migomba. Nyasi zilizokatwa rweya, yaani uwanda ulio nje ya makazi, zilitandikwa sakafuni, na zilipochakaa zikapelekwa shambani. Ukitoka kibanjani hatua chache tu udongo unabadilika. Rweya ni hafifu. Wanawake walilima huko njugu mawe, wakavuna, kisha wakaiacha ipumzike. Weusi wa udongo wa kibanja ni kazi ya mikono ya watu ambao wengi wao sasa wamelala humo humo.

Maana ukoo huzika watu wake kibanjani. Wamisionari wa Kikatoliki walipofungua kituo cha Kashozi mwaka 1892, dini mpya ilileta misalaba na sala nyingine, lakini kaburi lilibaki nyumbani. Hata leo, Wakristo kwa Waislamu, familia nyingi za Kagera husafirisha maiti kutoka mijini ili azikwe kwenye shamba la kwao. Kwa imani ya jadi, Wamara ndiye aliyetawala roho za waliokufa, Mugasha alikuwa wa ziwa na maji, na pori lilikuwa la Irungu, ambaye wawindaji na wasafiri walimheshimu kabla ya kuingia himaya yake. Kwa hiyo hakukuwa na ardhi isiyo na mwenyewe. Pasipokuwa na makaburi ya ukoo, palikuwa na Irungu.

Ushairi nao ulishika upande wake. Manju wa nanga, kinanda cha ubao wenye nyuzi, waliimba tendi ndefu za mashujaa na watawala, na Abakama wakawa miongoni mwa wasikilizaji wao. Mmoja wa magwiji wa sanaa hiyo ni Habibu Selemani, mtambaji wa utendi wa Rukiza. Profesa Mugyabuso Mulokozi, mwenyewe mzaliwa wa Kagera, aliufanyia utafiti wa kina ushairi huo na kuonyesha kwamba Afrika Mashariki ina tendi simulizi za kulinganishwa na za kwingineko duniani. Katika jamii isiyokuwa na daftari la ardhi, masimulizi ya namna hii yalikuwa hifadhi ya kumbukumbu: nani alitawala wapi, na nani alimpokonya nani.

Kupokonya hakukuwa jambo geni. Abakama wa Kihinda, yaani wa ukoo wa Wahinda, waliwagawia ndugu na watumishi wao maeneo makubwa chini ya mfumo wa nyarubanja. Mkulima aliyekuwa akiishi humo aliamka siku moja akiwa mtwarwa, mpangaji mwenye wajibu wa kumlipa mtwazi sehemu ya mavuno, huku makaburi ya wazee wake yakiwa palepale. Kusini zaidi, katika ufalme wa Rusubi ambao leo ni Biharamulo, hata kupita kulilipiwa: Mkama Suwarora aliwatoza hongo wapita njia. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alisubirishwa siku nyingi, akalazimika kutoa nyaya za shaba na vitambaa ndipo akapita.

Wakoloni walikuja na jibu lao. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 iliitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Kwa Biharamulo, pigo kubwa lilikuwa malale. Sotoka ilikuwa imeua ng'ombe tangu miaka ya 1890, vichaka vikarudi, na mbung'o, waenezao malale, wakarudi navyo. Katika kupambana na ugonjwa huo, serikali iliwakusanya watu kwenye makazi ya pamoja na kuyaacha mashamba yao ya zamani yamezwe na pori. Sehemu ya nchi iliyobaki tupu ikaja kuitwa hifadhi ya wanyama. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,707.

Uhuru ulivunja baadhi ya minyororo. Mwalimu Nyerere alikuwa ameandika mwaka 1958, katika kijitabu Mali ya Taifa, kupinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya wenye fedha. Mwaka 1965 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakomboa watwarwa wa nyarubanja. Lakini mtu mmoja aliachwa nje ya mlango: mwanamke wa ukoo.

Holaria Pastory, wa Wilaya ya Muleba, alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia halali wa baba yake. Mwaka 1988 aliiuza kwa Sh300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alikwenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba kwa mila za Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi hiyo. Akashinda. Shauri lilipofika Mahakama Kuu Mwanza, Februari 1990, Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba, na kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza. Ukoo nao ulipewa nafasi ya kuikomboa ardhi kwa kurudisha bei ileile, kwa masharti yaleyale yanayomhusu muuzaji mwanamume.

Miaka tisa baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, ilibeba kanuni hiyo. Mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu lazima wawe wanawake. Kijiji kinaweza kumpa mkulima hati ya hakimiliki ya kimila, na raia mgeni, asiye mkazi wa kijiji, anaweza kuomba ardhi mbele ya Halmashauri ya Kijiji.

Mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka ndiye mtihani wa mwisho. Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, takriban wakimbizi wa Kinyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Eneo la Benaco likageuka mji wa mahema, na misitu ya jirani ikageuka kuni. Desemba 1996 wakarudishwa. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga, ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, na miongoni mwa waliolazimika kuondoka walikuwamo watu walioishi Kagera miaka mingi, wenye mashamba, wake na watoto. Hapo ilionekana wazi kwamba kulima, kuoa na hata kuzika havitoshi kumlinda mtu asiye na karatasi.

Kwa hiyo mkazi wa Nyantakara, na wa kijiji kingine chochote cha mipakani, asitegemee kumbukumbu za wazee peke yake. Mipaka ya shamba ihakikiwe na majirani wangali hai. Hati ya kimila iombwe mapema, na jina la mke liandikwe sambamba na la mume. Binti arithishwe kwa wosia ulioandikwa. Viongozi wa vijiji nao wafungue madaftari yao na wayasome mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ili kila anayelima ajue kwamba ameandikwa.